Zamu ya Mzee Lesikar

Jumapili mbili zilikuwa zimeshapita. Mara mbili mchungaji alisimama mbele ya usharika mzima akasoma majina yetu, Manase, mgane, na Namnyaki, mjane, na mara mbili akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mara mbili watu walikohoa tu. Ilibaki Jumapili moja, na hiyo moja ilikuwa kesho.

Halafu usiku wa kuamkia Jumamosi ikanyesha mvua mlimani.

Haikunyesha kwetu. Kwetu huku chini vumbi lilikuwa palepale, hata kuku walikuwa wanaoga nalo. Ila saa kumi na moja alfajiri nilisikia mto umebadilika sauti, ule mlio mzito wa maji yaliyobeba mawe, nikatoka kitandani kabla sijafungua macho vizuri. Nilijua samaki wanashuka.

Samaki wenyewe ni mkunga. Mrefu, mweusi mgongoni, anateleza kama sabuni. Asiyemjua atasema ni nyoka, na wengi kwetu ndivyo wanavyosema. Anazaliwa baharini, anapanda mito akiwa mdogo kama sindano, anakaa huku kwenye maji yetu ya baridi miaka kumi, kumi na mitano, kisha siku moja mto ukijaa anaanza safari ya kurudi baharini kuzaa. Hazai mahali pengine popote. Nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi walikuwa wengi mpaka tukaogopa kuvuka. Mwaka juzi tulihesabu kumi na mmoja. Mwaka jana wanne.

Sisi tunaowahesabu ni watu wa kujitolea, tisa, Wameru na Waarusha, maana mto unapita katikati yetu. Na adui yetu ni banio. Wakubwa walijenga ukuta wa zege kukinga mto ili maji yaingie mferejini, wakakata utepe, wakala pilau, wakapanda magari yao. Hakuna aliyeuliza samaki apite wapi. Mkunga anafuata maji mengi, na maji mengi yanaingia mferejini, na mfereji unakwenda mashambani, na huko anafia kwenye tope au anapigwa jembe. Tuliomba wavu wa chuma tu, wa kuziba mdomo wa mfereji, maji yapite na samaki arudi mtoni. Tumeomba miaka mitatu. Walituita semina mjini wakatugawia kofia.

Basi tulijitengenezea dawa yetu. Siku samaki wakishuka, mwenye zamu ya maji ya mfereji siku hiyo anatuachia saa zake. Tunapachika mbao mdomoni mwa mfereji, mto wote unapita kwenye kipito chembamba pembeni, na chini ya kipito tumepaka rangi nyeupe ili mgongo mweusi uonekane. Jumamosi ile zamu ilikuwa ya Elinami, rafiki yangu, na Elinami alishaniambia kwa kinywa chake: "Siku yangu ikiangukia mvua, wewe funga, usiniulize."

Nikafunga, sikumuuliza.

Wa kwanza alipita kabla jua halijatoka. Wa pili na wa tatu wakapita pamoja, kama wanandoa. Nilichora mistari mitatu kwenye daftari, maana mwandishi wetu hasa ni Namnyaki; mimi niliishia darasa la nne na mwandiko wangu unalala. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilikuwa nawaza atakavyokuja na chupa ya chai, nimwonyeshe mistari, anipige begani kama anavyofanya akifurahi.

Akaja kweli. Alikuja anakimbia, bila chai.

Namnyaki ana miaka thelathini na tisa. Akikimbia anashika kitenge kwa mkono mmoja na kilemba kwa mkono mwingine, na hata siku ile, na uso ule aliokuja nao, moyo wangu ulifanya kile kitu unachofanya. Ulirukia kooni ukakaa. Nilikaa miaka minne bila kitu hicho. Mke wangu Elinipa alifia zahanati, akisubiri gari la wagonjwa ambalo lilikuwa limetumwa kubeba viti vya sherehe ya mkubwa mmoja, na baada ya hapo nilikuwa nakaa ukingoni mwa mto huu kutwa nzima nikitazama maji, watu wakiogopa kunisemesha. Namnyaki hakuogopa. Alinijia na ndoo mbili za mikunga wadogo anaowavusha ukuta, akanipa moja. "Shika hii, baba. Umekaa tu na mikono ni mizima." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia.

"Fungua!" alisema sasa, kabla hajafika. "Baba Anande, toa hizo mbao!"

"Wamepita watatu, Mama Simel! Njoo uone..."

"Toa mbao nakwambia. Baba yuko shambani tangu saa kumi na moja na jembe lake, mfereji umekauka. Nani kakwambia ufunge?"

"Elinami. Leo zamu yake."

"Leo zamu ya baba!"

"Zamu ya baba yako ilikuwa Jumatatu."

"Jumatatu mfereji ulibomoka kule juu, hakupata hata tone. Na zamu ya kabla yake maji hayakufika, umesahau? Vitunguu vina siku kumi na nane, Manase. Vimelala chini kama nywele za mgonjwa." Akiniita Manase mchana kweupe, ujue mambo yameharibika. "Elinami alikuja jana jioni akampa baba zamu ya leo. Baba alifurahi mpaka akamkaribisha maziwa."

Nikazitazama zile mbao.

Elinami mwenyewe akatokea kwenye migomba, anapiga mswaki, taulo shingoni. Akatuona tulivyosimama, akatema povu.

"Mbona mmenuna kama mnasubiri maiti? Bwana harusi, vipi?"

"Umempa Mzee Lesikar zamu yako?"

"Nimempa!" Akatabasamu. "Zawadi yangu ya harusi hiyo. Nilimwambia, mzee, hii imetoka upande wa Manase. Nikasema kesho tangazo la tatu, mzee naye alainike kidogo, maana amekubali ndoa hii kama mtu anayemeza kwinini."

"Na mimi ukaniambia nifunge siku yako!"

Tabasamu likamwisha polepole. Akatazama mbao, akautazama mto, akashusha mkono wenye mswaki. "Lo," alisema. "Nilisema hivyo, eh? Wiki mbili zilizopita. Sasa mimi nitajua vipi mvua itachagua leo?"

Wa nne alipita kwenye rangi nyeupe, mnene kama mkono wangu, na sote watatu tukageuza shingo kumtazama kwa mazoea.

"Nikifungua," nilisema, "wote walioko juu wanaingia mferejini. Wote, Namnyaki. Hawa ndio wa mwaka mzima."

"Najua. Nani alikufundisha?"

"Usipofungua," Elinami akasema chinichini, "mzee atajua zawadi yako ni kumfungia maji. Na kesho mchungaji atauliza lile swali."

Namnyaki alikuwa ameuma mdomo wa chini. Anapofikiri huwa anatazama juu mlimani kama vile jibu limeandikwa kule. Kisha akanitazama mimi. Kuna namna anavyonitazama ambayo sijawahi kuisema kwa mtu. Ananitazama kama mtu anayetazama nyumba anayotaka kuhamia, anapima kama paa litahimili.

"Ile neti," alisema.

"Neti gani?"

"Neti niliyonunua Kaloleni. Ya kitanda. Nenda kaichukue."

Nyumba yangu ni hatua mia mbili kutoka banioni. Neti ilikuwa bado kwenye mfuko wake, nyeupe, kubwa, ya kitanda cha sita kwa sita. Alikuwa ameileta Alhamisi akaiweka juu ya kabati akisema tusiifungue mpaka siku yenyewe. Niliuchana mfuko kwa meno huku natembea.

Tukatoa mbao. Maji yakaingia mferejini kwa kelele. Mimi nilisimama majini upande wa kulia wa mdomo, Namnyaki upande wa kushoto, maji yakitupita mapajani, tukaikunja neti mara mbili na kuivuta katikati yetu, na chini tukaikandamiza kwa mawe na kwa miguu yetu. Maji yakapita. Mkunga wa tano akaja, akagonga neti, akajikunja, akahangaika, kisha akageuka akaufuata ukuta mpaka kwenye kipito.

"Tano!" Elinami alipiga kelele. "Yesu wangu, inafanya kazi! Tangazo la tatu bado, na nyinyi mmeshaingia kwenye neti!"

"Nyamaza wewe, andika," Namnyaki alisema, lakini alicheka, na mimi nikacheka, na kwa muda kama wa robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kati ya mlima Meru na Daraja Mbili kule mjini.

Maji ya mlimani yana baridi inayouma mfupa. Midomo ya Namnyaki ilikuwa inatetemeka. Tulikuwa karibu, mita moja na nusu tu ya kitambaa cheupe kati yetu, na kila mto ulipovuta tulivutwa pamoja.

"Miguu bado ipo?" niliuliza.

"Wa kulia upo. Wa kushoto sina habari nao."

"Tukioana nitakuchemshia maji ya kuoga kila asubuhi."

"Kila asubuhi? Mwanaume wa Kimeru?"

"Kila asubuhi."

"Elinami, andika na hiyo," alisema. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya mimi peke yangu: "Manase, wewe hujawahi kuniambia kwa nini unanioa."

"Si unajua."

"Najua nini?"

"Unajua bwana."

Akaangalia neti. "Baba Simel naye alikuwa anasema hivyo hivyo. Unajua bwana. Miaka tisa. Nikamzika, nikakaa kwenye mkeka na wanawake, wananiuliza alikuwa mtu wa namna gani, nikajikuta sijui."

Nilitaka kujibu. Naapa nilitaka. Lakini majani yalikuwa yameanza kuja, majani ya migomba na vijiti vya kahawa na matope, yakaganda kwenye neti, na maji yakaanza kupungua upande wa mfereji. Nilikuwa nayang'oa kwa mkono mmoja na kusema hovyo. Wa sita akapita. Wa saba. Neti ikachanika kidogo pembeni, Namnyaki akalibana tundu kwa ngumi.

Ndipo tukamsikia Mzee Lesikar.

Hakupiga kelele. Hajawahi kupiga kelele. Alikuwa amesimama juu ya ukingo na shuka lake na jembe begani, viatu vya matairi vimejaa vumbi badala ya matope, na hilo vumbi miguuni mwake ndilo lilinitisha kuliko uso wake.

"Shikamoo, mzee," nilisema. Nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa kwao Waarusha, aniguse. Nina miaka hamsini na moja lakini kwake mimi ni kijana. Hakushuka kunigusa. Hajanigusa kichwa tangu alipojua nashika mikunga kwa mikono mitupu.

"Namnyaki," alisema. "Maji yanafika kwangu kama mkojo wa mbuzi."

"Baba, subiri kidogo, majani yameziba, tunayatoa..."

"Hicho mlichoshika ni nini?"

Tuliendelea kung'oa majani.

"Nimeuliza ni nini."

"Neti, baba."

"Neti ya nini?"

Elinami aliinama akaanza kukagua mswaki wake. Namnyaki alisema, "Ya kitanda."

Mzee alishusha jembe begani, akalisimika chini. "Neti ya kitanda chenu," alisema. "Mmeleta mtoni. Mbele ya watu. Mtoto wangu amesimama majini kitenge kimepanda mapajani, na mwanaume ambaye hajamwoa, wanakamatia nyoka kwa neti ya kitanda chao. Na maji ya zamu yangu yanakaa humo humo."

"Mzee, siyo nyoka," nilisema.

"Mimi nina miaka sabini na sita. Nyoka nawajua."

"Ni kosa langu, mzee," Elinami akadakia. "Mimi nilitoa zamu mara mbili. Mzee nikanyage mimi."

"Wewe nitakunywesha maziwa tena lini? Kaa kando." Akarudi kwa binti yake. "Toka majini. Tuache maji yapite, twende tukanyweshe vitunguu. Vile ndivyo vimewasomesha wanao, siyo hawa nyoka. Ukitoka sasa, mimi sijaona kitu. Kesho nitakaa kimya kwenye benchi langu kama nilivyokaa kimya mara mbili. Ukibaki hapo, mchungaji akiuliza nitasimama."

Namnyaki hakutoka. Ngumi yake ilikuwa bado imebana lile tundu. Nyuma yetu, kwenye maji mapana, niliona mgongo mweusi, na mwingine, na mwingine. Walikuwa wamejikusanya juu ya banio, wengi, sijaona wengi hivyo tangu utoto wangu, wanasubiri pa kupita.

"Baba, nipe nusu saa."

"Jua halitoi nusu saa."

Akanigeukia mimi. Machozi yalikuwa yanateremka lakini sauti ilikuwa imetulia kabisa.

"Baba Anande. Baba yangu umemsikia. Nikibaki hapa, nimemkosa. Yeye hasemi mara mbili. Nitabaki. Naapa nitabaki, nitashika neti hii mpaka mkunga wa mwisho, na kesho asimame akitaka, tutajua la kufanya. Lakini sitabaki kwa ajili ya samaki. Niambie wewe. Niambie nibaki, na uniambie kwa nini. Neno moja tu, mbele ya baba, asikie."

Sijui kama mtu mwingine angeelewa kilichonipata. Neno lilikuwepo. Lilikuwa pale kooni, limekaa na moyo pamoja. Lakini kati ya kooni na mdomoni kuna mambo yamejaa kwangu, miaka mingi, yamejaa kama yale majani. Nilipofungua mdomo yakatoka yale.

"Wangeleta wavu," nilisema.

"Nini?"

"Wangeleta wavu wa chuma haya yote yasingekuwepo! Miaka mitatu tunaomba! Wao wanakaa mjini kwenye viti vya kuzunguka, wanakunywa maji ya chupa, sisi huku tunagombana, tunavunjiana ndoa. Wavu mmoja, mzee! Mimi na wewe tusingekosana. Wao ndio wamefanya hivi. Ni wao wale wale walionimalizia Elinipa wangu, gari wakabebea viti..."

Nilisema mengi. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Na yote yalikuwa kweli, hilo sijalifuta mpaka leo. Nilipomaliza, Namnyaki alikuwa ananitazama, na ule mtazamo wa kupima nyumba ulikuwa umeisha.

"Mimi sijakuuliza habari za wavu," alisema taratibu. "Nimekuuliza habari zangu."

Akafungua mikono.

Neti ikaondoka upande wake kama shati kwenye upepo, ikapita mbele yangu, ikajikunja kwenye mguu wangu. Mto ukaingia mferejini wote kwa pamoja. Nikawaona wakipita. Mmoja, wawili, wanne, migongo mirefu myeusi ikiteleza kati ya miguu yangu, kuingia kule kusikokuwa na bahari. Namnyaki alishika majani ya ukingoni akapanda. Baba yake alimpa shuka lake ajifunike. Wakaondoka kwa kufuata mfereji, yeye mbele, mzee nyuma.

Nilibaki nimeshika upande wangu wa neti, kama mtu anayekunja shuka peke yake.

"Wewe," Elinami alisema. Alikuwa ameshaingia majini na suruali yake. "Wewe ni mjinga kiasi gani?"

"Umesikia wewe. Si nimesema kweli?"

"Kweli ya nini! Mwanamke amekuomba mkate, umemsomea taarifa ya habari." Akanipokonya neti, akaifunga upande mmoja kwenye jiwe, akavuta mwingine. "Mimi nitashika. Nitazuia nitakaowaweza. Nenda, mbwa wewe, nenda!"

Nilikwenda. Nilitembea pembeni ya mfereji bila viatu, na ndani ya mfereji kulikuwa na mkunga mmoja mkubwa, jike lililonenepa, linakwenda sambamba na mimi. Lilikuwa na haraka. Halikuwa na wasiwasi wowote. Liliamini linakwenda baharini. Nilitaka kulishika lakini nilijua nikisimama kwa ajili yake sitafika, na nikitembea litafia mbele yangu, na hivyo tukaenda wote wawili, kwenye ile njia ya vumbi, mpaka shambani kwa Mzee Lesikar.

Maji yalikuwa yamefika. Vitunguu vilikuwa vinayanywa kwa sauti, ile sauti ya udongo mkavu unaofyonza. Mzee alikuwa mbali, mwisho wa shamba, anafungulia matuta ya chini. Kwenye tuta la kwanza mikunga wawili walikuwa wamelala, vichwa vimepasuliwa kwa jembe. Namnyaki alikuwa anachepusha maji, shuka la baba yake limefungwa shingoni. Kando yake kulikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo mkunga mmoja mzima, amejizungusha kwenye maji ya tope.

"Huyu nilimwahi," alisema bila kuniangalia. "Chukua, mrudishe mtoni kabla hajafa. Na yule wa mferejini mshike."

Nilimshika yule jike, akanipiga mkono mara mbili, nikamtia ndoo ileile. Nikabaki nimesimama na ndoo. Walikuwa wanahema juu ya maji, midomo wazi. Kutoka pale mpaka mtoni ni mwendo wa dakika kumi na tano.

"Namnyaki, kesho..."

"Kesho baba hatasimama. Ameniahidi njiani."

"Asante Mungu. Asante..."

"Nitasimama mimi."

Sikuelewa. Kichwa changu kilikataa.

"Mchungaji akiuliza mwenye pingamizi, nitasimama mimi mwenyewe," alisema, huku anapiga jembe, anafungua tuta, anafunga jingine. "Sitakusema vibaya. Nitasema tu bado. Au nitasema basi, nitajua hapo nikiwa nimesimama. Nilishaolewa na mtu aliyenyamaza, Manase. Sasa wewe hunyamazi. Wewe unasema kutwa nzima. Mkubwa fulani, ofisi fulani, gari, viti, wavu. Ndani ya maneno yote hayo mimi sijawahi kujisikia. Hata Elinipa sijawahi kukusikia ukisema alicheka vipi. Nimesikia habari za gari tu."

Hilo lilinipiga mahali ambapo hakuna mtu alikuwa amewahi kunigusa. Kwa sababu nilijaribu, pale pale nimesimama, kukumbuka Elinipa alivyocheka. Ikanichukua muda. Ikanichukua muda mrefu mno.

"Nenda na ndoo," alisema. "Wanakufa."

Mzee Lesikar alikuwa ameshaniona. Alikuwa anakuja, polepole, jembe mkononi, na majirani wawili waliokuwa wanapalilia shamba la jirani walikuwa wamesimama wima kututazama. Mmoja akasema kitu kwa Kimaasai, mwenzake akacheka. Ndoo ilikuwa nzito. Kidole changu kimoja kilikuwa kinatoka damu na sikujua kilikatwa wapi.

"Alicheka kama mtu aliyekabwa na mahindi," nilisema. "Elinipa. Alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanapanda na kushuka, halafu ghafla inatoka. Watu kanisani waligeuka."

Namnyaki alikuwa amenipa mgongo. Anachepusha maji.

"Na wewe," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri, ilikuwa ya kukwaruza, na ilikuwa kubwa mno, mpaka wale majirani wakaacha kucheka, "wewe nakupenda. Nakuoa kwa sababu nakupenda. Asubuhi kabla sijafikiria nani kanikosea nakufikiria wewe. Ni dakika mbili tu, halafu yale mengine yanaanza. Lakini hizo dakika mbili ndizo ninazoishi. Sijui kusema zaidi ya hapo. Baki na mimi. Mzee, na wewe umesikia. Nimesema abaki."

Mzee alisimama alipokuwa. Mikunga walijigeuza ndani ya ndoo.

Namnyaki alisikia. Najua alisikia, kwa sababu jembe lake lilisimama hewani. Nilihesabu, moja, mbili, tatu, nne. Maji yakajaa kwenye tuta mpaka yakaanza kumwagika pembeni, na yeye hakuyaona.

Kisha jembe likashuka, akafungua tuta linalofuata.